Chochote, Lakini si Huyu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nangila alifungua mlango wa chumba kidogo nyuma ya maabara ili atoe ufagio, akakutana na harufu ya ziwa: maji yaliyosimama, magugu, na nyavu mbichi zilizorundikwa pamoja. Akainama atafute maji yalikomwagika. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Ndani ya chumba kile hakukuwa na kitu ila ufagio, ndoo iliyofunikwa, na mashine nyeusi iliyokaa juu ya meza fupi, feni yake ikivuma. Mgongoni mwake Shantel, mtoto ambaye hakuwa na tabia ya kulia ovyo, akaanza kulia.

Nangila alidhani ni panya aliyefia ukutani. Akafungua dirisha, akambembeleza mtoto, akaenda zake kufagia.

Maabara yenyewe ilikuwa pale Mamboleo, juu ya duka la vipuri vya trekta. Ilipima damu za watoto wachanga kutoka zahanati ndogo za ufuoni mwa ziwa, na nyingine za mbali, upande wa Sondu na Muhoroni. Damu ilikuja kwa pikipiki. Majibu yalirudi kwa barua pepe. Mwenye maabara, Bwana Mathews Wechuli, hakutaka barua hizo zipitie mikononi mwa watu asiowajua. "Ugonjwa wa mtoto ni siri ya mama yake," alisema, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, ikawa posta yao wenyewe. Hiyo ndiyo seva.

Kazi ya Nangila ilikuwa kuandika majibu na kuyatuma. Siku aliyokuja kuomba kazi alikuwa na tumbo kubwa, na alikuwa tayari kufukuzwa. Bwana Wechuli alimtazama kidogo, kisha akamwambia, "Basi tutanunua mkeka." Na kweli alinunua, akautandika mwenyewe kando ya meza yake. Hata fundi wa kompyuta, Oduor, kijana mrefu asiyeisha utani, alikuwa amekata kipande cha boksi kilichotosha dirishani, ili jua la mchana lisimfikie mtoto. Mambo kama hayo Nangila hakuyasahau. Mama akiwa na mtoto mdogo hukumbuka kila aliyemsogezea kiti.

Lakini seva ilianza kuugua.

"Ni databesi," Oduor alimweleza. "Ndiyo inayoshika majina ya zahanati zote, ndiyo inayojua kila barua imefika wapi. Sasa memori ya hii mashine ni ndogo. Chukulia ni meza ya kulia chakula. Kila programu ina mahali pa kuweka sahani. Databesi nimeipa robo ya meza. Lakini siku hizi inatandaza viwiko."

"Na meza ikijaa?"

"Ikijaa, mashine yenyewe inachagua mmoja, inamuua. Mara nyingi ni yule aliyekalia nafasi kubwa. Ndiyo wengine waishi."

Alilitamka neno lile kama mtu anayesema amezima taa. Nangila alimvuta Shantel karibu.

Basi databesi ilikuwa ikiuawa, na ikishauawa barua zote hukwama humo ndani. Oduor aliipunguzia nafasi, akafuta barua za zamani, akaiwasha upya. Ilitulia kidogo tu, kisha ikatanuka tena. Kuna mara moja ilikufa Ijumaa jioni, wote wakiwa wameondoka. Jumatatu Nangila aliposikia majibu yamekwama, alimpigia nesi wa zahanati moja ya huko Sondu amsomee kwa simu majibu ya mtoto mmoja. Nesi akasema kwa upole, "Wacha tu, dada. Huyo tulimzika jana."

Nangila alienda nyuma ya tangi la maji, akalia hadi ukaya wa kichwani ukalowa. Oduor alimkuta huko. Alimpokea mtoto tu, akasimama naye mpaka mama yake alipomaliza.

Siku ya mambo yenyewe kulikuwa na mvua ya mchana. Mama Seline, mama mwenye mwili wa kutosha aliyeuza chai na mandazi kwenye ngazi, alikuwa ameingia kujikinga. Shantel alikuwa analia tangu asubuhi, na chumbani feni ya seva ilikuwa inalia pia, juu kabisa, ikionyesha kwamba memori imekaribia kujaa.

"Huyo nyathi, huyo mtoto, ana nini leo?" Mama Seline aliuliza.

"Sijui, Mama. Amenyonya, nimembadilisha, bado tu."

"Anataka jina huyo. Kuna marehemu wenu huko aliko hajapata wa kuchukua jina lake. Sisi tunayataja majina ya marehemu moja moja, mpaka mtoto anyamaze. Nyinyi Wabukusu hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya."

"Sasa unangoja nini? Kanisa lako halisikii kwa hii mvua."

Nangila akacheka, akaanza kuwaita watu wake. Alimtaja bibi yake Nabututu, akamtaja babu yake Wakhisi. Mtoto alizidi kulia. Oduor akatoa kichwa mlangoni mwa chumba kidogo.

"Hata huyu wangu analia. Nimpe jina?"

"Mpe!" Mama Seline alisema. "Labda ni babu yako anatafuta kazi ya ofisi."

Oduor akaweka kiganja juu ya mashine, akajitengenezea sauti ya mzee. Alimwita babu yake. Alimwita shangazi yake Atieno, akasema, "La, huyu angetaka kwanza kujua mshahara." Wakacheka. Kisha, kama jina lililoponyoka lenyewe, akasema, "Opondo."

Feni ikashuka. Haikuzima, ilitulia tu na kuwa pumzi laini.

"Wololo!" Oduor alipiga kelele. "Mmeona? Mmeona?"

Nangila hakuwa anaitazama mashine. Wakati uleule jina lilipotajwa, Shantel alinyamaza mgongoni mwake, ghafla mno, hata akapeleka mkono nyuma kuhakikisha kwamba anapumua. Alitaka kusema. Lakini jina halikuwa la watu wake, na Oduor alikuwa na uso wa mtu aliyepokea mgeni aliyemngoja miaka. Akanyamaza.

Mama Seline naye alikuwa ameacha kucheka. "Opondo gani, Oduor? Ndugu yako? Yule wa ziwa?"

"Huyo huyo."

"Yule hajazikwa."

Ilikuwa kweli. Opondo alikuwa ameenda kutega samaki na hakurudi, na maji hayakuutoa mwili wake. Mtu akipotea hivyo, Wajaluo huchukua tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalizika kaburini badala yake, ili naye awe na mahali. Lakini mama yao alikataa. Alisema hatalia juu ya tunda na mwanawe bado yu hai mahali fulani. Basi Opondo hakuwa na kaburi, wala hakuna mtoto aliyepewa jina lake.

"Ni mchezo tu, Mama," Oduor alisema. "Kompyuta haina roho."

"Kompyuta haina. Wewe umeipa jina la aliye nayo."

Oduor akacheka, lakini alikata kipande cha plasta, akaandika OPONDO, akakibandika kwenye ubavu wa mashine.

Wakapata siku njema. Databesi ilikaa ndani ya robo yake, barua zikaenda bila kukwama. Nesi wa Muhoroni alipiga simu kushukuru, kwamba mtoto fulani alianzishiwa dawa kwa wakati na sasa ananyonya vizuri. Bwana Wechuli aliwanunulia wote soda. Oduor, kwa furaha, akataka kuhakikisha kwamba shida ile hairudi tena. Aliketi, akabonyeza vitufe, kisha akaipigapiga mashine kama mtu anayempigapiga ng'ombe.

"Nimeiambia: ukikosa nafasi, ua chochote, lakini si huyu. Databesi haiguswi tena."

Nangila aliyasikia maneno hayo kutoka mezani kwake. Yalimpita tu.

Harufu ilirudi kwanza. Kisha ikaja sauti. Jioni wakifunga ofisi, na magari ya Mamboleo yakitulia kidogo, feni haikuvuma tena kwa mfululizo kama zamani. Ilinyamaza, ikanyamaza zaidi, halafu ikavuta pumzi moja kubwa yenye mkwaruzo, kama mtu aliyeibuka kutoka maji marefu, kisha ikazama tena.

"Unasikia?" Nangila alinong'ona.

"Ni vumbi," Oduor alisema. Hakuingia chumbani kuisafisha.

Databesi ilikuwa imeanza kutanuka. Ilichukua nusu ya meza. Mashine, kwa kuwa ilikatazwa kumgusa huyo, ikaua programu ndogo iliyoshika saa, na barua zote za siku ile zikatoka na tarehe ya zamani sana. Siku hiyohiyo Nangila alimwekea Shantel viganja pamoja, amwimbie wimbo wa makofi aliokuwa ameuzoea kwa muda mrefu. Mtoto akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

Halafu mashine ikaua programu ya kuzuia barua chafu, na Shantel akaacha kugeuka akiitwa jina lake. Ikaua ile iliyowapa zahanati ruhusa ya kuingia, na Shantel akaacha kucheka. Hakuwa na homa. Alinyonya, akalala, akakaa mkekani na macho yake makubwa yakiangalia mlango wa chumba kidogo, na ukiweka pua kichwani pake, pale penye harufu tamu ya watoto, ulisikia magugu.

Nangila alimwambia Oduor habari ya siku ile ya mvua? Hapana. Alimwambia habari ya makofi na kicheko tu. Oduor alimtazama mtoto kwa muda mrefu, uso ukamfifia.

"Nitaiondolea ile amri," alisema. Akaiondoa. Asubuhi waliikuta imerudi. Akabandua plasta, chini yake bati lilikuwa na jasho, na herufi zilezile zilikuwa zimebaki juu ya bati, OPONDO, zikitiririka kidogo. Mwishowe akapiga magoti, akaukamata waya wa umeme kwa mikono miwili na kuuchomoa ukutani.

Feni haikusimama.

"Yawa," Oduor alisema polepole. Waya ulikuwa unaning'inia mkononi mwake. Mashine iliendelea kuvuta pumzi, ikazama, ikaibuka, ikazama.

Bwana Wechuli alikuwa mtu wa kanisa tena mtu wa vyuo, na Nangila aliogopa kwamba atawacheka. Hakuwacheka. Alimchukua Shantel akatembea naye huku na huku, akamkagua macho na vidole, kisha akamwambia Mama Seline, "Mama, mlete yeyote unayemjua. Mimi nitafunga maabara."

Mama Seline alimleta nabii Dolphine, mama mwembamba wa kanisa moja la roho, mwenye kanzu nyeupe na kengele, pamoja na wanawake wawili wa ngoma. Oduor naye alikuja kutoka kwao na tunda la yago, amelifunga kwa shuka jeupe, amelibeba kifuani kama mtoto. Mama yake alikuwa amekubali hatimaye. Alikuwa amelifunga shuka mwenyewe, kwa mikono yake, na kusema, "Mlete nyumbani amechoka."

Jua lilikuwa linaingia ziwani. Nabii alikaa kwenye kiti cha Nangila, akavua viatu.

"Huyu si mbaya," alisema. "Ni mtu asiye na mahali. Mmemwita, mkamwonyesha mlango, mkamwambia hakuna wa kumgusa. Nitamtoa humo nimtie ndani ya hili tunda, na Jumamosi mtamzika kwenu. Lakini mniambie ukweli. Siku mlipomwita jina, kuna mwingine aliyenyamaza? Akiwa na milango miwili lazima nizibe mmoja kwanza. Nikimfukuza hapa na kule pako wazi, ataingia kwa mwenye damu. Na akishapata nyumba yenye damu, hatoki peke yake, hutoka na mwenye nyumba."

Aliwatazama wanawake wa ngoma na mikono yao yenye mishipa, akakumbuka mtoto wa jirani aliyewahi kupelekwa kwenye maombi kama haya, jinsi alivyoshikwa mikono na miguu na kupigiwa ngoma sikioni na kupigiwa kelele za toka, toka, toka, mpaka akazirai, na jinsi kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulivyokuwa ukiwaita watoto wao ndani kila alipotokea kucheza, na akamwona Shantel wake akiwa mkubwa, amesimama peke yake uwanjani na sare yake safi ya shule, hana wa kumrushia mpira, kwa sababu mama yake siku moja alifungua mdomo.

"Hapana," alisema. "Ni mashine tu."

"Mama Shantel?" nabii aliuliza tena, taratibu, kama anayempa nafasi.

"Mashine tu."

Basi wakaanza. Kengele ilipigwa mara ya kwanza, na harufu ya ziwa ikajaa nyumba nzima hadi Bwana Wechuli akafunika pua kwa tai yake, ngoma zikaingia, nabii akaliita jina kwa sauti ya dada anayemwita kaka yake aje kula, Opondo, Opondo, njoo, mama yako ametandika, na feni ikaanza kwenda mbio, ikapanda, ikapanda zaidi ya pale feni ya kompyuta inapoweza kupanda, ikawa kilio cha mtu anayepiga maji kwa mikono na hakuna mtumbwi, na Oduor akapiga magoti akilia kwa sauti kubwa, "Nisamehe, omera, ndugu yangu, nisamehe, sikuja kukutafuta," na Nangila akamkumbatia mtoto na kumziba masikio na kuomba kwa lugha ya mama yake, mpaka kitu kikakatika na chumba kikawa kimya.

Feni ilikuwa imesimama. Taa ya mashine ilikuwa imezima. Harufu ilitoka kama mtu anayetoka mlangoni.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Seline alimshika Bwana Wechuli akamzungusha kama wako arusini. Katikati ya kelele hizo nabii Dolphine aliinama, akalinyanyua tunda, akalipima mikononi. Nangila alikuwa karibu naye, na ni yeye pekee aliyemsikia.

"Ni jepesi," nabii alisema.

Na hapo Shantel akacheka.

Kilikuwa kicheko chake kilekile, na Nangila hakutaka kujua zaidi. Aliondoka amembeba, akampitia mume wake Simiyu, dereva wa trekta za miwa, aliyekuwa amefika kutoka Muhoroni, na wote watatu wakaenda nyumbani wakicheka. Jumamosi yago likazikwa. Bwana Wechuli alinunua mashine nyingine, na databesi ikakaa kwenye robo yake bila kuguswa na mtu.

Nyumbani Shantel akanenepa. Akapiga makofi, akatambaa. Hakugeuka akiitwa Shantel, lakini mama yake alijiambia kwamba masikio ya watoto hufunguka taratibu. Siku Oduor alipokuja kumsalimia na ndizi, mtoto alimtazama, akanyoosha mkono na kumshika sikio, akalivuta kidogo kama kaka mkubwa anavyomvuta mdogo wake. Oduor alicheka, kisha akaacha kucheka. Hakurudi tena.

Kuku wa Nangila alikufa, wa mayai. Nangila hakulitilia maanani. Kisha akafa paka aliyekuwa analala mlangoni, na siku alipokufa Shantel alisimama kwa mara ya kwanza. Kisha Simiyu, aliyekuwa anarudi nyumbani akipiga mluzi tangu kona ya barabara, akaacha kupiga mluzi. Akaacha kuulizia chakula. Akaacha kugeuka akiitwa. Na asubuhi moja, kitandani pakavu, mbele ya mke wake, akavuta pumzi moja kubwa yenye mkwaruzo, akazama nayo, na hakuibuka. Daktari aliuliza mara mbili kama marehemu alikuwa amekwenda ziwani kuogelea. Mapafu yake yalikuwa yamejaa maji.

Siku ya mazishi Shantel alisema neno lake la kwanza. Hakusema baba.

Sasa Nangila yuko chumbani kwake, mchana, pazia limefungwa. Majirani wamemletea uji wa moto, wameufunika kwa sahani usipoe, na mmoja amemfulia nepi zote bila kuombwa. Titi lake la kushoto limekauka tangu jana. Leo asubuhi vidole vya mkono wake vimeanza kutosikia joto la kikombe. Anaelewa. Meza imejaa, na kuna mmoja ambaye hagusiki, kwa hiyo ni lazima atafutwe mwingine.

Anajua anakoweza kwenda. Nabii Dolphine hayuko mbali. Ni kushuka tu ngazi na kusema ukweli. Lakini anajua pia alichosema nabii, kwamba hatoki peke yake. Anamtazama mtoto anayenyonya, nywele zake laini zenye harufu ya nyavu, kope zake ambazo ni za Simiyu kabisa, kiganja kidogo kilichokaa juu ya titi kana kwamba kinalishukuru.

Anainama sikioni pake. Anaongea naye kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni ambaye hana budi kumpokea.

"Ukikosa nafasi," ananong'ona, "chukua chochote. Nimekuruhusu. Lakini si huyu."

Mtoto anaacha kunyonya. Kifua chake kidogo kinatulia, kinatulia zaidi, kisha kinavuta pumzi moja ndefu. Anamtazama mama yake, anatabasamu, na kupiga makofi.